Kiraka Chini ya Bawa

Baba,

Ndege yako ya kuchonga imekwisha. Ningependa kukuandikia kwa furaha, lakini roho inanisuta, na wa kumwambia ni wewe tu.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeanza kwa kuziuliza. Mto ulifurika ukachukua migomba yote ya upande wa chini, kule ulikotukataza tusipande. Mama nimemtoa kijijini Ngao, anakaa nami hapa Garsen, na kila asubuhi analalamika kwamba maji ya mfereji hayana ladha. Abdi wa dukani bado anakuombea dua. Ile rangi ya kijani aliyotuuzia ilitosha, na ikabaki.

Sasa ndege. Ulipoondoka ilikuwa mifupa tu: kiwiliwili cha mkuyu ulichochonga kwa kipande kilichobaki ulipomaliza mtumbwi wako wa mwisho, magurudumu ya malapa yaliyokatika, na mabawa ya vijiti vitupu, mawili juu, mawili chini. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwako. Babu aliipima kwa hatua zake ile ndege ya vita uliyoiiga, na wewe kila hatua yake uliifanya vidole vitatu. Kazi yangu mimi, fundi wa nguo, ilikuwa kuivisha kitambaa.

Na kiraka. Siku zote kiraka! Babu alikuwa kijana, kibarua wa kubeba madebe ya petroli kwenye uwanja wa ndege wa jeshi huko upande wa juu wa mto, wakati wa vita vya Waingereza na Wataliano. Ndege ikatua, na za enzi hizo zilivishwa kitambaa, miiba ikakipasua chini ya bawa, rubani akawa anazunguka huku na huku anatukana. Babu akatoa sindano yake ya kushonea magunia, akakata kipande cha shati lake mwenyewe, akashona. Ndege ikaruka. Ulikuwa ukifika hapo unainua kidole: "Iliruka na sindano ya baba yangu, mama." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako.

Ulipokuwa umelazwa uliniambia tena, "Usisahau kiraka. Kionekane." Nami nikakucheka, Baba. Nikakwambia, "Acha hayo, utaniharibia bawa." Ukageukia ukutani. Nilidhani umechoka. Kila nikiukumbuka ule mgongo wako natamani ardhi inimeze.

Nisikudanganye, baada ya mazishi sikusahau. Afadhali ningesahau. Nilikaa na bafta nyeupe mapajani nikawaza, fundi gani huyo anaweka kiraka kwenye nguo mpya? Kazi yangu ni kuficha. Mtu ananiletea suruali imechanika, anaondoka haoni nilipopita, na hapo ndipo ninapopata sifa. Nikatafuta picha za ndege yenyewe kwenye simu, hakuna hata moja yenye kiraka. Basi nikaivisha bafta safi, nikapaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma, nikapiga rangi.

Nikaipeleka Hola kwenye maonyesho. Lo, ungeona! Vijana wanapiga picha, mmoja anaita wenzake, "Manze, cheki hii ndege, ni ile ile ya kwenye simu!" Nikavimba kichwa. Mwalimu mmoja akaiomba iwekwe kwenye kabati la kioo la shule yao palepale Hola, akasema wataifuata Jumatatu na nisiiguse tena. Akauliza ni kazi ya nani. Nikajibu, "Baba yangu." Jina la babu halikutoka kinywani mwangu. Ningelitaja vipi? Hakukuwa na cha kuonyesha.

Niliporudi, Mama akaomba aishike. Unajua macho yake, siku hizi anaona kwa vidole. Akapapasa pua, akafika kwenye magurudumu ya malapa akacheka, kisha akapitisha mkono chini ya bawa. Akaurudisha, akapitisha tena. "Kiraka cha babu yako kiko wapi?" Akanirudishia ndege, akaenda kupepeta mchele wake. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Babu hana picha hata moja, Baba. Hakupewa nishani wala asante. Alichoacha kwenye vita vile ni mishono yake, na mimi mjukuu wake, tena fundi, ndiye niliyeifuta kwa kuona haya.

Jana nikachukua wembe. Bafta ikishakaza vile, ukiikata bawa lote linaweza kujikunja, na vijiti vyako hakuna wa kuvichonga tena. Nikakata. Bawa likalia krr, ncha yake ikapinda. Nikabana pumzi nikisubiri livunjike, halikuvunjika. Nikatoa shati lako la shamba, lile la mistari ambalo Mama alikataa kuligawa, nikakata kipande.

Nilidhani itabidi nibuni jinsi babu alivyoshona. Mkono ukaenda wenyewe: mbele, nyuma kidogo, mbele tena, ule mshono ulionifundisha kwenye gunia la mpunga kabla sijajua cherehani ni kitu gani. Nikasimama na sindano hewani. Wewe nani alikufundisha, Baba? Sikuwahi kukuuliza. Na miaka yote hii nakula kwa mshono huo.

Nikampa Mama tena. Kidole chake kikapata kiraka, kikafuata uzi wote kuzunguka. "Kinakwaruza," akasema. "Mzee angefurahi." Akacheka, halafu tukalia wote wawili.

Jumatatu wakija wataikuta imepinda bawa na ina kiraka cha mistari. Wakiikataa, itaning'inia juu ya cherehani yangu. Wakiichukua, nitakwenda nayo mwenyewe hadi Hola, niigeuze tumbo juu mbele ya watoto wote, wamwone babu kwanza, wewe baadaye. Hiyo nakuahidi, na safari hii sicheki.

Pumzika, Baba. Lakini nigeukie kwanza. Usiutazame ukuta tena.

Mwanao,
uliyemwita mama