Raphaël Balagizi, Chipu Namba Tatu na Kopo la Sukari

Mwaka umetimia, Papa Bénie, tangu asubuhi ile ya Juni 2017 ulipofumba macho hapa kambini Dzaleka, Malawi. Kiti chako bado kiko mlangoni, na hakuna anayekikalia bila kutazama nyuma kwanza.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka soko la Tsoka, Lilongwe, shati limejaa vumbi la mashine mbovu za ofisi, mfukoni chipu za kumbukumbu ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Wenzako walileta nyanya, wewe ulituletea wadudu weusi wenye miguu ya chuma. Tulikucheka sana, nawe ukacheka nasi.

Kila chipu ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Ulizianika juu ya bati, kando ya mihogo ya Mama Bénie, jua likafuta yaliyomo kwa majuma. Ukishaiandika upya, ulifunika kidirisha kwa karatasi inayong'aa, yenye namba yake, ili mwanga usiingie. Ndivyo ulivyozifufua kompyuta kuukuu za kituo cha kujifunza kuchapa, ambazo kila fundi alisema zitupwe.

Leo mkeo Annuarite, Mama Bénie wetu, ana neno alilolimeza tangu 2011. Anataka ulisikie mbele ya watu.

Ulikuwa Lilongwe majuma mawili, ukitafuta chipu. Kopo la sukari lilikuwa limetoboka, sisimizi wanaingia watakavyo. Akaona kikaratasi kizuri juu ya chipu mezani kwako, akakibandua, akaziba tundu. Chipu yenyewe akaianika pamoja na zile nyingine, akidhani anakusaidia. Kumbe ilikuwa namba tatu, ya kompyuta ya mtihani, uliyoileta nyumbani kuisafisha. Ulirudi ukaikuta tupu.

Mwalimu Ciza wa kituo alikuja mbio. “Papa Raphaël, bantu saba banangojea examen! Tutafanya aje?”

Mama Bénie alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi, nsima, ugali wa huku, inaungua. Kabla hajafungua kinywa, ulijibu: “Mi njo sikuifunika muzuri. Kosa ni yangu.”

Kopo akalificha ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa.

Majuma matatu uliiandika upya kutoka kwenye daftari lako, kwa kile kisanduku cha swichi nane ulichojitengenezea. Yeye ndiye aliyekusomea, namba zaidi ya elfu mbili, na aibu ikimla. “Soma polepole, mama,” ulimwambia. “Hakuna mutu anatukimbiza.” Wote saba walifanya mtihani.

Juma lililopita, akitafuta kitenge cha kuvaa kwenye misa yako, alilitoa lile kopo. Karatasi bado imeshika. “Namba 3” imekatwa kwa kalamu, na chini yake, kwa mwandiko wako, imeandikwa: “Sukari.”

Ulijua, papa; ulilikuta sandukuni, ukaandika, ukalirudisha. Ulijua siku zote, na hukumwuliza hata mara moja. Mama Bénie aliketi sakafuni akalia, kisha akacheka peke yake, kisha akalia tena. Anasema: “Unisamehe, Papa Bénie. Na zikomo, asante.” Kopo amelirudisha mezani, limejaa.

Unakumbukwa na mkeo Annuarite. Wanao Bénie na Aristote. Mdogo wako Vainqueur wa Kawale. Mwalimu Ciza na wote uliowafungulia kompyuta.

Kila tukikoroga chai, tutakukumbuka.