Dola Iliyoingia Kapuni

Mpendwa Neema,

Huku Moshi hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike, na mguu wangu sasa unanifikisha kanisani bila fimbo.

Umeuliza ile dola ya chuma kwenye droo ya mama yako hapo Annandale ni ya nchi gani. Si ya nchi yoyote. Ni ya tamasha la mji. Maduka yaliipokea siku za tamasha tu, baadaye ikabaki ukumbusho. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimtunza mzee mmoja hapo Alexandria, jirani na kwenu, aliyekusanya moja kila mwaka. Mwaka ule miguu ilimgomea, akanituma mimi.

Niliipata Jumamosi. Jumapili, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, nikaitumbukiza bila kujua kwenye kapu la sadaka pamoja na chenji. Nilishtuka kwenye mnada wa sadaka, mzee wa kanisa alipoinyanyua katikati ya mayai na sukuma wiki. "Hii si hela. Nani anaitaka?"

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha College Park akafika dola ishirini. Mimi nilikuwa na nauli tu. Nikasimama nikasema ukweli, nikijua watanicheka. Hawakucheka. Yule kijana alilipa ishirini zake, akasema, "Mpeni mama." Nikakaa, nikapumua.

Nilipomsimulia mzee wangu, alinirudishia. "Zangu nilizifuata mwenyewe. Hii umenunuliwa wewe."

Kisanduku chake cha dola hizo kikabaki na pengo la mwaka ule. Kila mgeni alipoliulizia, mzee alimsimulia mnada wetu, na zile dola nyingine hakuzitaja.

Irudishe kwenye droo, mjukuu wangu.

Bibi yako