Mkaguzi na Nyumba ya Mshona Kofia

Jumamosi, 7 Machi

Nimeiona! Nimeiona nyumba, na tangu saa ile moyo haujatulia. Dada dalali alituonyesha tatu. Mbili za kwanza zilikuwa makabati tu yaliyotiwa madirisha. Ya tatu zamani ilikuwa karakana ya mshona kofia. Vigingi vya kutundikia kofia bado viko ukutani, safu mbili, vimelainika kwa kushikwashikwa. Meza yake ndefu ya kukatia imeachwa palepale, sasa ndiyo meza ya jikoni.

Mwenye nyumba ni seremala mstaafu. Nimeshampa jina – Mzee Randa. Aliikuta gofu, paa limebonyea, akaifufua ubao kwa ubao kwa mikono yake. Sasa anahamia kwa binti yake, miguu imemgomea. Nilivuta droo moja ikateleza bila kelele. Nikaisukuma, nikaivuta tena, kama mwehu. Mzee aliniona, akatabasamu.

Mume wangu hakutabasamu. Alizunguka mikono nyuma, akigongagonga kuta. Mkaguzi wangu huyo! Chumba kimoja cha juu hatukuingia, kimefungwa, Mzee ameweka vifaa vyake.

Jumapili, 8 Machi

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma humu. Kazi ya maabara ndiyo iliyonileta nchi hii. Mkaguzi alinifuata. Aliacha duka la vitambaa la shangazi yake, yule aliyemlea, ambako yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi. Alikuwa mtu wa kushika kitambaa kwa vidole viwili na kukuambia kitachuja au hakitachuja. Hapa hana cha kushika. Mkate wa hapa mwepesi. Mabasi ya hapa yana haraka. Jua la hapa limepauka. Furushi lake la sampuli liko chini ya kitanda, fundo ni lilelile alilofunga shangazi siku ya safari. Hajaligusa.

Juzi tukila alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huenda yeye akatangulia kurudi, akaangalie duka. Kutangulia! Kana kwamba na sisi tuko njiani. Nikajifanya namkatia mtoto nyama.

Nyumba naitaka, sikatai. Ila zaidi namtaka yeye aitake. Asipopata hapa kitu cha kupenda, nitabaki na binti yetu, Chiriku, na masanduku.

Jumatatu, 9 Machi

Chiriku ameshajichagulia kigingi cha begi lake la shule. Tumeongea habari za droo ile na vigingi vile siku nzima, mimi na binti yangu. Halafu wakati wa kuosha vyombo Mkaguzi akasema: twende kesho tukaione tena. Sufuria ilinichomoka!

Jumanne, 10 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Tumefika tu, Mkaguzi akaanza. Mlango wa bafu unabana. Ngazi ya tatu inalia. Kioo cha dirisha la sebuleni kina mawimbi. Kigingi kimoja, cha saba kutoka mlangoni, si cha zamani kama vingine, kimepakwa rangi kifanane. Yote akayasema kwa lugha ya hapa, ambayo anaijua kuliko mimi, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Mzee Randa alikuwa akifuta meza. Akaendelea kuifuta pale pale, mahali pamoja, hadi Mkaguzi alipomaliza. Akatushukuru kwa kuja. Akasema anatutakia tupate nyumba itakayotufaa.

Hatujafika kituo cha basi, dada dalali akapiga simu. Mzee hatuuzii.

Mkaguzi alisimama njiani, mdomo wazi. "Ameghairi? Lakini nilikuwa ndiyo nimeanza!"

Nikamwambia amemtukana mzee wa watu. Akanishangaa. Akasema, "Kitu nisichokitaka nakipita tu. Mimi nyumba hii nimehesabu mpaka vigingi."

Nikakaa chini kwenye benchi, nikacheka hadi machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kumbe anaitaka! Dukani kwa shangazi ndivyo biashara ilivyokwenda: mnunuzi anakitukana kitambaa, muuzaji anaapa, inaletwa chai, wanacheka, wanakubaliana. Hapa hakuna wa kuapa wala wa kuleta chai. Mzee alichosikia ni mikono yake ikitukanwa.

Alhamisi, 12 Machi

Jana nilimbembeleza dada dalali kwa simu wakati wa mapumziko kazini. Nikamweleza habari za shangazi na duka, naye akamweleza Mzee. Ikapita siku nzima. Leo jibu: twende Jumamosi, ila ana sharti. Mume wangu aseme neno moja jema kuhusu nyumba ile. Moja tu.

Ungedhani ametakiwa ang'oe jino! Anazunguka jikoni, anajaribu, anaacha. Nikisifu bei inapanda, anasema. Namwambia bei iache, mzee anataka heshima yake. Miaka yote ya ndoa yetu, sifa ya juu kabisa kwa chakula changu ni kwamba chumvi haikuzidi. Nimeizoea, naipenda hata. Lakini Mzee Randa hajaolewa naye.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika nikiwa kizingitini pa nyumba. Mikono inahitaji kazi.

Tulipofika Mkaguzi alisimama mbele ya Mzee, shati limepigwa pasi. Akatazama dari, akanitazama mimi. Mwisho akausukuma mlango wa bafu, akasema, "Leo haubani."

Nikafumba macho. Basi, tumeishia hapa.

Mzee akajibu kwamba aliuranda jana. Ulikuwa unabana kweli. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kile kigingi kilikuwa kimevunjika, akachonga kingine mwenyewe, na watu wote waliopita humu hakuna aliyekigundua ila huyu. Hakucheka aliposema. Akatoa ufunguo wa chumba kile cha juu, akampa Mkaguzi mkononi. Vifaa ameshavihamisha. Apande peke yake, akae anavyotaka, ndipo ashuke aseme neno lake.

Tumekaa mimi na Mzee. Tulisikia ngazi ya tatu ikilia, kisha nyayo juu ya vichwa vyetu, zikaenda, zikasimama. Mzee ananisimulia polepole ili nielewe: kile ndicho chumba alimolinganishia rangi mshona kofia. Dirisha lake limepewa mgongo na jua, mwanga unabaki uleule asubuhi hadi jioni, nyekundu ni nyekundu na nyeusi ni nyeusi. Wanunuzi wengine walitaka kupafanya bafu la pili.

Nimeacha kuandika kidogo. Dirisha la juu limefunguliwa. Mkaguzi ametoa kichwa nje, ananiita kwa lugha yetu, kwa sauti ile ya dukani ambayo sijaisikia tangu tuhame:

"Mama Chiriku! Kaniletee furushi langu, liko chini ya kitanda. Fundo usiliguse, nitalifungua mwenyewe hapa."

Kichwa kimerudi ndani. Mzee ananiuliza, kwa wasiwasi, amepata kasoro gani tena huko juu. Namwonyesha kwa mkono asubiri kidogo. Nafuta macho kwanza –