Bunduki Mpya Yenye Jina la Zamani

Mjukuu wangu kwa ukoo, ingawa umenizidi umri,

Sijamwambia mtu yeyote: bunduki uliyomtumia Baba ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Hapa Kindu tuko wazima, hata Mama anatembea bila fimbo.

Umeuliza kwa nini Baba anailaumu. Ile yake ya zamani, yenye jina hilohilo la kiwanda, aliizika wakati wa vita, ikaliwa na kutu. Wawindaji wenzake wanaicheka hii yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine: "Jina njo ile, Papa, lakini bunduki haiko ile," yaani jina ni lilelile, bunduki siyo. Naye huitikia, "Kweli, haiko ile."

Siku moja nilimfuata porini kwa siri, nikajificha kichakani. Aliangusha kanga wawili wakiwa angani, kisha akanong'ona, "Bunduki yangu ya zamani, unisamehe. Hii inakupita."

Nasikitika kwamba sikuthubutu kutoka kichakani nikae naye. Tafadhali, usimwambie mtu. Mwache aendelee kuilaumu.