Alama Tisa za Bwana Thirtle kwa Bia Iliyochacha

CHAMA CHA WAPENZI WA BIA YA PIPA, JIJI LA NORWICH
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JOPO LA WAAMUZI WA BAA BORA YA MWAKA

Tarehe: Jumapili, 16 Machi 2025
Mahali: Chumba cha juu, baa ya Nanga (haimo kwenye shindano, na mwenye baa anajua kwa nini)

Waliohudhuria:
1. Bw. Desmond Larter – Mwenyekiti
2. Bi. Maureen Utting – Katibu
3. Bw. Kelvin Gedge – Mjumbe, mtetezi wa pombe ya tufaha
4. Bw. Wilfred Thirtle – Mjumbe, mwamuzi kwa miaka thelathini na mmoja

Asiyekuwepo kwa taarifa:
Bw. Roland Bunn, mweka hazina, ambaye hatoi alama. Leo ni siku ya kukumbuka ndoa yake. Mwaka jana aliisahau, na yaliyompata hataki yajirudie.

KUMB. NA. 1/25: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika kumi mchana. Dakika kumi zilitumika kumsubiri Bw. Gedge amalize nyama yake ya kuoka na viazi. Bw. Gedge alieleza kwamba chakula cha Jumapili hakiharakishwi.

KUMB. NA. 2/25: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Bw. Gedge alilalamika kwamba pombe ya tufaha bado imewekwa mwisho kwenye fomu ya alama, chini ya bia, chakula na uchangamfu wa mahali. Mwenyekiti alieleza kwamba fomu zilikwisha kuchapwa. Bw. Gedge alisema jibu hilo analisikia tangu mwaka 2016. Katibu alithibitisha kwa kusoma kumbukumbu za mwaka 2016.

Katibu alieleza pia kwamba baa nne kati ya saba ziliwatambua waamuzi, ingawa kanuni inataka waende kwa siri. Watu wanne huingia pamoja, kila mmoja huagiza nusu glasi, kisha wote huinua glasi kwenye taa na kuzinusa. Mwenye baa mmoja alimwambia Katibu: "Mama, mngekuja na tarumbeta tu, tujue moja." Iliamuliwa kwamba mwamuzi mmoja akinusa, wengine waangalie pembeni.

KUMB. NA. 3/25: MATOKEO
Katibu alisoma jumla ya alama. Baa ya Bata Mweupe iliongoza kwa tofauti ya alama nne, ikifuatiwa na baa iitwayo Kengele na Jembe.

Bw. Gedge alisimama. Alisema siku waamuzi walipokwenda Bata Mweupe, bia ilikuwa imechacha, na kila mwenye ulimi alijua. Mwenyekiti aliipa tatu kati ya kumi, Katibu tatu, yeye mwenyewe tatu. Bw. Thirtle aliipa tisa. Bila tisa hiyo, Kengele na Jembe ingeshinda.

Bw. Thirtle alijibu kwamba kila mtu na ulimi wake. Bw. Gedge alisema: "Mzee Wilf, ile haikuwa bia, ilikuwa siki ya kumwagia chipsi." Bw. Thirtle alisema mtu anayekunywa maji ya matufaha yaliyooza asimfundishe yeye bia. Mwenyekiti aliomba lugha ya staha.

KUMB. NA. 4/25: JARIBIO
Bila idhini ya kiti, Bw. Gedge alishuka chini na kurudi na glasi moja ya kinywaji cha rangi ya kahawia. Aliomba Bw. Thirtle aionje na kuitolea maoni. Bw. Thirtle aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akanywa funda moja na kulizungusha mdomoni bila haraka, kama anavyofanya miaka yote. Alisema: "Safi sana. Ya kaskazini hii, kama sikosei."

Ilikuwa siki ya kwenye mtungi wa mayai ya kuloweka yanayouzwa kaunta.

Hakuna aliyecheka. Bw. Gedge aliichukua glasi kutoka mkononi mwa Bw. Thirtle kabla hajanywa tena. Alisema: "Nisamehe, mzee. Nilidhani utaitema." Mwenyekiti aliagiza jambo hili lisiandikwe. Katibu ameliandika, kwa kuwa yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

KUMB. NA. 5/25: MAELEZO YA BW. THIRTLE
Bw. Thirtle alieleza kwamba tangu mafua ya Januari mwaka jana hasikii harufu wala ladha. Bia, chai na supu kwake ni kitu kimoja, tofauti ni joto.

Mwenyekiti aliuliza alikuwa akitoaje alama. Bw. Thirtle alisema alikuwa akiwaangalia wanywaji. Mtu akimaliza glasi na kurudi kuagiza ileile, hiyo ni bia nzuri. Akihamia nyingine, ina walakini. Mwenye baa akinywa ya chupa, ondokeni. Katibu alipekua fomu na kueleza kwamba katika ziara zote za miezi kumi na minne, ukiacha Bata Mweupe, alama za Bw. Thirtle hazikupishana na za wenzake kwa zaidi ya moja.

Kuhusu Bata Mweupe, ilibainika kwamba siku ile walikuwapo watu waliotoka kumzika dereva wa basi mstaafu. Wote walikuwa wakinywa bia aliyoipenda marehemu, glasi baada ya glasi, kwa heshima yake. Bw. Thirtle alisema: "Nilihesabu glasi. Msiba sikuuhesabu."

Bw. Gedge aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kwa nini hakuwaambia. Bw. Thirtle alijibu: "Kanuni ya saba, Kelvin. Asiyeonja si mwamuzi. Niliiandika mimi. Mkinitoa, Alhamisi mnapozunguka mimi nitakuwa wapi? Nitakaa na redio?" Aliomba alama yake ifutwe na jina lake liondolewe.

KUMB. NA. 6/25: MAAMUZI
(a) Alama tisa za Bw. Thirtle zilifutwa. Kwa wastani wa waamuzi watatu waliobaki, Kengele na Jembe ndiyo Baa Bora ya Mwaka.
(b) Bw. Gedge alitoa hoja kwamba Bw. Thirtle asiondoke, bali awe mwamuzi pekee wa uchangamfu wa mahali. Alisema: "Sisi tunatazama glasi. Huyu peke yake ndiye anayetazama watu." Katibu aliunga mkono kabla hoja haijamalizika. Ilipita bila kupingwa.
(c) Bw. Thirtle alishukuru, akasema pombe ya tufaha sasa haimsumbui hata kidogo. Bw. Gedge alisema atalipokea hilo kama maendeleo.

KUMB. NA. 7/25: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimtaka Bw. Thirtle aanze kazi kwa kutoa alama ya chumba hiki. Bw. Thirtle aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, akachukua muda wake, akasema kumi. Bw. Gedge alisema huo ni upendeleo wa wazi. Hoja yake haikupata wa kuiunga mkono, na alipoulizwa kama anasisitiza, aliiondoa.

Kikao kilifungwa saa kumi na robo alasiri. Hakuna aliyeondoka.

Sahihi: D. Larter, Mwenyekiti
Sahihi: M. Utting, Katibu