Tiki Kumi Kushoto

Kwa Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuulizia hali, na nauulizia mgongo wako, maana kubeba mifuko ya saruji kutwa nzima si mchezo. Wifi hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku kwetu tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na analalamika vizuri zaidi. Akisema goti linamuuma, ujue anataka mtu wa kuzungumza naye tu.

Mimi ningali nafundisha pale uwanja wa shabaha. Wanaotaka kujifunza masafa marefu wameongezeka, nami nawafundisha kama ulivyonifundisha wewe: kwamba darubini ya bunduki haina akili, inafuata mkono. Kigurudumu cha juu ni cha kupandisha na kushusha, cha pembeni ni cha upepo, na kila kikilia tiki, risasi inahama upana wa vidole vinne katika mita mia nane. Nawaambia asubuhi ya baridi hewa huwa nzito na risasi hushuka mapema, na jua likikaza, risasi ile ile hupiga juu. Nawalaza kifudifudi watazame mazigazi, yale mawimbi ya joto, juu ya nyasi. Yakiinama, upepo upo. Yakipanda wima, umekufa.

Wiki iliyopita walikuja mtu na mkewe. Mke ni muuguzi, ndiye mlengaji. Mume ni mwoka mikate, ndiye anayemsomea upepo na kumrekebishia darubini. Wana ugomvi mtamu, wanabishana mpaka na bendera ya upepo. Basi katika jaribio lao la mwisho, mbele ya darasa zima, risasi ya mke ikapita kando kabisa. Muuguzi akainua uso, akaanza kuitazama mikono yake mwenyewe kama mtu aliyesalitiwa. Kabla hajafungua mdomo, mumewe akasimama.

“Kosa ni langu,” akasema. “Nimezungusha kulia badala ya kushoto. Mikono yako haina neno.”

Mke akamwambia arudishe haraka, jua linachoma. Darasa likacheka, wakaendelea. Kaka, mambo hayo yote hayakumaliza dakika moja. Mimi niliingia chumba cha kuhifadhia bunduki, nikakaa juu ya sanduku, nikalia mpaka mtunza ghala akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa nisikilize, na tafadhali usiikunje barua kabla hujaimaliza.

Unaikumbuka fainali yetu, miaka kumi na moja iliyopita. Asubuhi ile upepo ulitoka kushoto kwa nguvu, nikakuwekea tiki kumi za kushoto. Ukapiga risasi tisa, zote tisa katikati. Ilibaki moja, na hata ingegusa ukingo wa ubao tungeshinda. Wakasimamisha mashindano kidogo, ubao wa jirani ulikuwa umelegea. Wewe ukafumba macho kuyapumzisha. Upepo ukafa. Nikakuambia umekufa, ukaniambia nirudishe kwenye sifuri. Ukasikia tiki kumi, ukaridhika. Hukuwahi kukagua kazi yangu hata siku moja.

Risasi ya kumi haikugusa ubao.

Nilipokuwa nasafisha bunduki nyumbani ndipo nikaona. Kigurudumu cha pembeni hakikuwa kwenye sifuri. Kilikuwa kwenye ishirini, kushoto. Nilikuwa nimezungusha upande ule ule. Nikakirudisha kimya kimya, nikafunga sanduku, nikaenda mezani, na wewe ukatuambia mimi na Mama kwamba macho yako yamekwisha.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ukaenda kwa daktari wa macho. Akakupima mara mbili, akasema ni mazima. Ukasema anakufariji tu. Ukanipa bunduki yako kwa mikono miwili, nami nikaipokea. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini miezi mitatu baadaye ukafunga meza yako ya ufundi saa, ukasema fundi asiyeona ubao mzima ataonaje jino la gurudumu la saa. Nilikusaidia kufunga vile vibisibisi kwenye kitambaa. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza. Kila mwaka uliopita yakawa mazito zaidi, na aibu ikawa si ya kukosea tena, bali ya kunyamaza.

Macho yako hayakukosea, Kaka. Mkono wako haukukosea. Ni mimi.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, hata kwa kurasa kumi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mimi nimenyamaza zaidi. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia wewe ukishajua, kwa sababu haki ya kujua kwanza ni yako.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja wasije wakaoneana wivu. Pamoja na barua hii pana kifurushi kidogo, kifungue taratibu. Ni saa ya mkono ya Mama. Imesimama tangu mwaka juzi, na mafundi wawili wameshaniambia haitengenezeki. Nilipomuuliza Mama kama tuitupe, alisema tusiitupe, fundi wake hajaiona bado.

Ni mimi mdogo wako,
Kinda