Baba wa Sehemu ya Tisa

Da Zuhura,

Nimekuandalia ugomvi, na kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza, utausikiliza mpaka mwisho. Wewe mwanamke ni mwongo. Mwongo wa kutupwa! Natamani ungekuwepo nikwambie usoni, halafu tucheke mpaka wateja watushangae.

Ngoja nianze taratibu. Ile tamthilia yetu ya vichekesho bado ninayo, diski zote, ndani ya lile boksi la mawigi ulimokuwa ukiziweka. Wale mabinti wanne wa Kikorea waliopanga fleti yao wenyewe, bila baba, bila mume, wanagombania bafu kila asubuhi. Unazikumbuka Jumapili zetu hapa saluni, Joubert Park? Mteja kitini, sisi wasusi tumemzunguka, na wewe umesimama karibu na TV, kitana mkononi, unatutafsiria kama wale jamaa wa mabanda ya video kwetu Tanga. Mabinti wanaongea Kikorea, maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, na Kiingereza chetu sote ni cha kuuzia rasta tu. Wewe ulisema unayasoma. Nani angekubishia? Ulikuwa mkongwe wa Johannesburg kutuzidi wote.

Kuna kitu kilitakiwa kunizindua. Ile alasiri umeme ulikatika katikati ya sehemu ya sita, TV ikazima, nawe ukaendelea kutafsiri. "Sasa mwenye nyumba anapanda ngazi," ukasema. "Haya, anagonga." Na sisi, mashallah, tukaendelea kusikiliza huku tunasuka, hadi ukaifikisha mwisho. Hata mmoja hakuuliza unasoma wapi.

Lakini ninayotaka tuizungumze ni sehemu ya tisa. Yule binti mrefu tuliyembandika jina la Twiga amesimama mlangoni mwa fleti, baba yake amekuja, kofia mkononi, na machozi yanamtoka Twiga. Wakati huo nilikuwa naishi kwa Mjomba Shabani. Napika, nafua, umri unasogea, na kila nikitaja kupanga chumba changu anasema binti hapangi, binti anaolewa. Wewe ulilijua hilo. Ukasimama na kitana chako, ukatoa sauti nzito ya mzee: "Mwanangu, kuhama si kukimbia. Anayekimbia hasemi anakokwenda. Wewe umenipa ufunguo wa kwako, basi nami nakupa radhi zangu."

Siku tatu maneno yale hayakunitoka. Nikatafuta chumba, nikachonga ufunguo wa pili, nikaenda nikaketi mkekani mbele ya Mjomba, nikamwekea ufunguo kiganjani. Nikamwambia, Mjomba, kuhama si kukimbia, anayekimbia hasemi anakokwenda. Akaugeuzageuza. Akaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. "Kwenye TV, kwa mzee wa Kikorea," nikasema. Akasema, "Basi huko kwao kuna wazee wenye busara." Akanipa radhi. Chumba hicho ndicho ninachokuandikia humu leo.

Tangu presha ikuchukue, hatukuiwasha ile TV kwa miezi. Kiti chako nilikisogeza dirishani, hakuna anayekikalia, na wala sijamkataza mtu. Nakulilia bado, nisikufiche. Nakulilia zaidi nikiwa na habari nzuri, maana huna pa kuipokelea.

Basi mwezi uliopita akaja Salma kusukwa. Salma binti wa Mjomba, aliyezaliwa hapahapa, yule ambaye Kiswahili anakielewa ila anakujibu kwa Kiingereza. Siku hizi ni mtu wa ofisini, Sandton. Akaliona boksi, akaweka diski. Ikafika sehemu ya tisa, nikaanza kumtafsiria kwa sauti yako. Akaisimamisha. "Eish, dada," akasema, "huyu baba hasemi hivyo."

Zuhura! Baba kaja kudai jiko lake la umeme la kupikia wali! Aliwaazima, hawakurudisha, na nyumbani mkewe kachoka kula mkate. Na Twiga halii, alikuwa anakata vitunguu.

Nilikasirika kweli. Nikaikumbuka na ile karatasi ya kliniki, ya Kiingereza, uliyonipa nikusomee, eti umesahau miwani. Miwani gani? Hukuwahi kuwa nayo. Tuliishika wote wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake. Hapo iliniuma, dada. Ungeniambia, tungetafuta wa kutusomea.

Halafu nikaelewa. Ulikuwa unasema na mimi. Yangetoka kwako, ningesema Zuhura naye anajua nini, yeye mwenyewe anaishi peke yake. Yakatoka kwa mzee wa Kikorea, nikayaamini. Ulinijua mno.

Salma akaniuliza wewe ulikuwa umetafsiri nini. Nikamwambia. Naye akanieleza lake: amepata fleti mtaa wa Observatory na wenzake wawili, na baba yake hataki hata kusikia. Hamwitikii shikamoo wiki ya pili. Akaniomba nimfundishe maneno yale. Nikamfundisha huku namsuka, mstari kwa mstari, na kila akikosea navuta nywele kidogo.

Jumamosi akaenda. Mimi nilisimama mlango wa jikoni. Akaketi mkekani, akaweka ufunguo kiganjani mwa Mjomba, na Kiswahili chake kinachechemea: "Baba, kuhama si kimbia. Mtu ya kukimbia hasemi anaenda wapi." Mjomba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Na huyu naye kayatoa kwenye TV?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akainama. Nilidhani amekasirika, kumbe analia. Alisema mara ya mwisho mwanawe kumsemesha Kiswahili alikuwa hajang'oka jino. Akautia ufunguo mfuko wa shati, akampa radhi, tena mbele yangu. Kisha akainuka, akanipita kuingia jikoni, akarudi amekumbatia jiko la umeme la kupikia wali. "Huko mtakula mkate tu," akamwambia. "Chukua. Ukinunua lako, hili ulirudishe."

Wallahi sikumtazama Salma. Tulijikaza mpaka kwenye lifti.

Sikumwambia Mjomba kitu, wala sitamwambia. Ninachokuahidi ni hiki: Jumapili nasimama mimi karibu na TV, na kitana chako. Salma atatusomea maandishi, sehemu zote isipokuwa ya tisa. Hiyo ni yako. Pumzika, dada yangu, Mola akupe radhi kama ulivyotutafutia sisi. Na siku Mjomba akipanda kile kilima cha Observatory kudai jiko lake, nitakuwa nimesimama mlangoni, natafsiri.

Mdogo wako,
Tatu